Je, shahada ya hali ya hewa italipa? Jibu kwa mama wa Kisauni

Swali: "Nawasalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, twakaa Kisauni, Mombasa. Kifungua mimba wangu amemaliza kidato cha nne na wastani wa B. Hisabati B+, fizikia B, jiografia A-. Ashikilia kwamba ataka kusomea hali ya hewa. Babake ni mvuvi, asema pepo za kusi na kaskazi watu wazijua tangu enzi bila kwenda chuo, na kazi yenyewe ina ofisi moja tu, iko Nairobi. Mjomba wake aliyeko Marekani asema tumpeleke huko, naye atatusaidia nusu ya karo. Nataka kujua, pesa tutakazotia zitarudi? Na akimaliza, ataajiriwa na nani?"

Mama, nianze na jibu lenyewe, kisha tulipigie hesabu. Kwa alama hizo, mwanao akipangiwa na KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, nafasi ya shahada ya meteorolojia, yaani sayansi ya hali ya hewa, katika chuo cha umma hapa nchini, mwacheni aende, kwa masharti mawili nitakayoyaeleza. Ikiwa itabidi mjilipie karo yote bila ufadhili wa serikali, mpeni kozi nyingine ya hesabu na fizikia, kwa kuwa fani hii ina mlango wa pili ambao mtu aweza kuuingia baadaye. Na Marekani kwa shahada ya kwanza, hapana.

Babake hajakosea, ila ameona upande mmoja. Kujua kwamba kusi huingia mwezi wa nne si sawa na kujua ni siku gani mawimbi yatapita mita mbili. Mapema Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoelekea kisiwa cha Mafia, mazoea ya bahari yetu yasingeweza kukiagua. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta ile athari ya mzunguko wa dunia inayokifanya kimbunga kizunguke huwa dhaifu mno, kwa hiyo mvuvi wa hapa aweza kuzeeka bila kukiona. Chenyewe kiliishia Tanzania, lakini upepo na mawimbi yake yalihofiwa hadi huku, na wavuvi na waogeleaji wakaonywa mapema. Onyo la namna hiyo hutoka kwa mtu aliyesoma picha za setilaiti na ramani za mgandamizo wa hewa, akajua ni kipi cha kuamini na kipi cha kuacha. Mtoto wa mvuvi aliyezoea kusikia habari za matlai, bamvua na maji mafu nyumbani huingia darasani na kitu ambacho wenzake wa bara hawana.

Kuhusu ofisi moja, ni kweli kiasi. Mwajiri mkuu wa watabiri nchini ni Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, yenye makao Dagoretti Corner, Nairobi. Lakini si jengo moja. Tangu ugatuzi ulipoanza 2013 idara ina mkurugenzi na ofisi katika kaunti zote 47, na ina vituo kwenye viwanja vya ndege na sehemu nyingine nyingi. Hapa pwani kuna Mombasa, Malindi, Lamu na Voi. Tatizo ni namna nafasi zinavyokuja. Ajira ya kudumu serikalini hutangazwa bajeti inaporuhusu, na vijana huhitimu kila mwaka, tangazo liwepo lisiwepo. Mwaka mmoja waweza kuwa na nafasi, miwili inayofuata ikawa kimya. Ndiyo sababu nasema bei ya shahada hii haiko kwenye karo peke yake, iko pia kwenye kungoja baada ya kuhitimu. Familia isiyoipangia miaka hiyo ya kungoja ndiyo huona imetupa pesa.

Na akiipata kazi, ajue ni kazi ya zamu. Saa kuu za upimaji duniani ni saa 00, 06, 12 na 18 kwa saa ya kimataifa. Kwetu ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Uwanja wa ndege wa Moi hauzimi taa kwa sababu ni Idi. Pia mtumishi wa serikali kuu hupelekwa kokote, aweza kuanzia Lodwar au Mandera. Kijana anayetaka kazi asubuhi na nyumbani jioni, tena asiondoke pwani, aambiwe hilo sasa.

Sasa masomo yenyewe, maana hapa ndipo wengi hukwama. Watu hudhani ni jiografia iliyoongezwa ukubwa, au njia ya kusoma utabiri kwenye televisheni. Ile A- ya jiografia ni nzuri lakini si hiyo itakayombeba. Meteorolojia ni fizikia ya kitu kinachotiririka, imeandikwa kwa lugha ya hesabu. Mwaka wa kwanza ni kalkulasi, aljebra na mekanika. Wa pili huleta kalkulasi ya vekta, milinganyo tofautishi na thamodinamiki. Kuanzia wa tatu yanakuja mwendo wa angahewa, uchambuzi wa ramani na utabiri kwa kompyuta. Kila ngazi hukaa juu ya iliyotangulia. Anayepita kalkulasi ya mwaka wa kwanza kwa kukariri huanguka anapofika kwenye mwendo wa angahewa, na somo lililoanguka mara nyingi halirudiwi mpaka lifundishwe tena mwaka unaofuata. Hapo mmeongezewa mwaka mzima wa kodi na chakula Nairobi kwa ajili ya somo moja. Kwa hiyo miezi hii ya kukaa nyumbani kabla ya chuo arudie hesabu, hasa trigonometria, vekta na kalkulasi ya kidato cha nne, saa moja kila siku. Hakuna maandalizi ya bei nafuu kuliko hayo.

Kuna jaribio dogo mnaloweza kumpa. Mwandikieni mstari huu, wa mfano wa ripoti ya uwanja wa ndege wa Mombasa:

HKMO 151200Z 06012KT 9999 FEW028 32/25 Q1009

HKMO ni Mombasa. Tarehe 15, saa 1200 ya kimataifa, yaani saa tisa alasiri. Upepo unatoka nyuzi 060 kwa kasi ya noti 12 (maili za baharini kwa saa), hiyo ni kaskazi. 9999 maana yake macho yaona kilomita 10 au zaidi. Mawingu ni machache, tako lake, yaani upande wa chini, lipo futi 2,800. Joto ni 32, kiwango cha umande 25, mgandamizo hektopaskali 1009. Kisha mwulizeni, kwa nini mawingu yapo futi 2,800? Jibu limo humo humo: toa 25 kwenye 32 upate 7, zidisha kwa takriban futi 400 kwa kila nyuzi, zatoka 2,800, kwa kuwa hewa inayopanda hupoa mpaka ikutane na kiwango chake cha umande, na hapo mvuke hugeuka wingu. Akiuliza "kwa nini 400?" na kutaka kujua inatoka wapi, huyo ni wa fani hii. Akiona ni namba za kukariri tu, mmepata dalili kabla ya kulipa shilingi.

Sharti la kwanza sasa. Si kila shahada yenye neno hewa, mazingira au tabianchi humfanya mtu kuwa mtabiri. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, limeweka mtaala wa chini uitwao BIP-M, ambao ndio kipimo cha mtu kuitwa mtaalamu wa hali ya hewa. Unadai msingi wa hesabu na fizikia, kisha fizikia ya angahewa, mwendo wa angahewa na utabiri wa kompyuta, uchambuzi wa mifumo ya hewa, na elimu ya tabianchi. Tangu Desemba 2016 mtabiri wa usafiri wa ndege anatakiwa awe ametimiza mtaala huo. Hata akiwa nao haketi kwenye meza ya utabiri siku ya kwanza. Mwajiri humfunza kazi na kumpima umahiri. Lakini bila BIP-M hata hapimwi. Kosa la kawaida ni mtoto kupangiwa "mabadiliko ya tabianchi" au "sayansi ya mazingira", familia ikafurahi kwamba ni kitu kile kile. Sivyo. Ni kozi za heshima, zina kazi zake, ila hazifungui mlango wa utabiri. Kabla ya kuthibitisha nafasi, mwanao aandike barua pepe kwa idara ya chuo aulize swali moja: je, programu hii inatimiza BIP-M ya WMO? Ahifadhi jibu.

Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Chiromo, ndicho kikongwe kwa somo hili nchini, na pamoja na taasisi ya mafunzo ya Idara ya Hali ya Hewa iliyoko Dagoretti hutambuliwa na WMO kuwa kituo cha mafunzo cha kanda. SEKU, chuo kikuu kilichoko Kitui, nacho hutoa shahada ya meteorolojia. Ng'ambo ya mpaka kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere, lakini ufadhili wa serikali unaokuja na nafasi ya KUCCPS haumfuati huko. Taasisi ya Dagoretti pia hufunza waangalizi na mafundi kwa kozi fupi kuliko shahada. Hao ndio wanaosoma vipimajoto, vipimamvua na mitambo ya upepo iliyosimamishwa mita 10 juu ya ardhi. Ni kazi muhimu, ila mshahara wake ni mdogo na ngazi zake za kupanda ni fupi, na kwa alama za mwanao singeanzia hapo.

Tuje kwenye pesa. Chini ya utaratibu ulioanza na walioingia vyuo vikuu 2023, familia hupimwa uwezo wake na kupangwa katika kundi, na tangu 2024 makundi ni matano. Kundi la kwanza, la wenye uhitaji mkubwa, serikali hutoa ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Kundi la tatu ni ufadhili 50, mkopo 30, familia 20. La tano ni 30, 30 na 40. Utaratibu huo umefikishwa mahakamani na viwango vya karo vimeshaguswa, kwa hiyo namba za kushika ni zile zilizo kwenye barua yake ya kuitwa chuoni. Hesabu ninayoipiga hapa ni ya mfano. Wekeni zenu mahali pa zangu.

Tuseme programu imewekewa shilingi 240,000 kwa mwaka, nanyi mmepangwa kundi la tatu. Familia italipa 48,000, mkopo wa karo utakuwa 72,000, na ufadhili usiorudishwa 120,000. Kundi hilo pia lilipangiwa mkopo wa matumizi wa 50,000 kwa mwaka. Sasa Nairobi: chumba cha 7,000 kwa miezi tisa ni 63,000. Chakula cha 250 kwa siku, siku 270, ni 67,500. Data ya intaneti 1,000 kwa mwezi, 9,000. Treni ya Madaraka Express daraja la kawaida ni 1,500 kwenda tangu Januari 2024, kwa hiyo safari mbili za kwenda na kurudi kwa mwaka ni 6,000. Jumla ya maisha ni 145,500. Toa mkopo wa matumizi 50,000, zabaki 95,500 juu yenu. Ongeza sehemu yenu ya karo 48,000, inakuwa 143,500 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 574,000. Tia laptopu ya 45,000, maana bila laptopu somo hili haliendi: yafika 619,000. Akipata kitanda kwenye hosteli ya chuo, ile 63,000 hushuka sana, kwa hiyo aombe siku ya kwanza fomu zinapofunguliwa, maana vitanda havitoshi wanafunzi wote.

Huo ni mfuko wenu. Mfuko wake yeye ni mkopo: 72,000 na 50,000 kwa miaka minne ni 488,000. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza. Akilipa kwa miaka mitano ni karibu 9,000 kwa mwezi. Kwa miaka kumi, karibu 5,000. Si mzigo wa kumvunja mtu mwenye mshahara. Lakini asiyelipa hutozwa faini ya 5,000 kwa mwezi, na tazama hapo: faini peke yake ni sawa na malipo ya mwezi ya ule mpango wa miaka kumi. Deni linakua maradufu mtu akiwa amelala. Basi akihitimu bila kazi, asinyamaze. Aiandikie HELB kabla ya mwaka kwisha, aeleze hali yake na kuomba utaratibu wa kulipa. Na kama nyumba yenu haiingii mkopo wa riba, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za hapa, hilo lisemwe mezani leo, si mwaka wa pili. Itabidi pengo la 122,000 kwa mwaka lizibwe kwa basari ya kaunti, basari ya eneo bunge na mchango wa ukoo. Basari hizo huja vipande na kwa kuchelewa. Msizihesabu kuwa karo ya muhula wa kwanza.

Jambo moja linawaumiza wengi: ufadhili na mkopo hauji wenyewe kwa sababu mtoto amepangiwa chuo. Lazima auombe, kwa vitambulisho na taarifa za wazazi wote wawili na za ndugu wanaosoma. Mapato ya mvuvi hupanda kwenye kaskazi na kushuka kwenye kusi. Yaandikwe kwa wastani wa mwaka mzima, si kwa mwezi wa samaki wengi. Mkipangwa kundi lisilolingana na uwezo wenu, kuna nafasi ya kukata rufaa, nayo ina tarehe ya mwisho.

Kuhusu mjomba, mshukuruni, nia yake ni njema. Ila nusu ya karo ya Marekani bado ni pesa nyingi mno. Mwanafunzi kutoka nje hulipa karo ya wasio wakazi, na katika vyuo vikuu vinavyosifika kwa somo hili, kama Oklahoma na Penn State, hiyo ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka kabla ya chumba na bima. Hata karo ingekuwa bure, mwajiri mkuu wa watabiri huko ni idara ya hali ya hewa ya serikali yao, na kazi zake huhitaji uraia wa Marekani. Mgeni aliyesoma sayansi aweza kuruhusiwa kufanya kazi miezi 12 baada ya shahada na kuongezewa 24, kisha lazima apate mwajiri wa kumdhamini au arudi. Akirudi, atashindana kwa nafasi zile zile za Dagoretti na aliyesoma Chiromo. Mtakuwa mmenunua cheti kwa bei ya nyumba. Njia inayokubali hesabu ni kinyume chake: shahada ya kwanza nyumbani kwa gharama ndogo, kisha shahada ya uzamili nje kwa udhamini kamili. Kwa uzamili udhamini hupatikana zaidi kuliko kwa shahada ya kwanza, na chuo kama Reading cha Uingereza kina idara nzima ya meteorolojia. Mwambieni mjomba anunue laptopu nzuri na aiweke ile nusu yake kwa ajili ya ile miaka ya kungoja kazi. Itafaa zaidi.

Ule mlango wa pili nilioutaja ni huu. BIP-M hailazimu iwe shahada ya kwanza. Mwenye shahada iliyo na hesabu na fizikia ya kutosha aweza kusoma meteorolojia baadaye kwa kozi ya baada ya shahada na kutimiza mtaala ule ule. Ndiyo maana nasema kama nafasi ya serikali haikutokea, msilazimishe. TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Mombasa, hapo Tudor, na Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, vina kozi za hisabati, takwimu na kompyuta. Akilala nyumbani mnaokoa ile 63,000 ya chumba na 6,000 ya treni kila mwaka kwa hesabu ile ya juu. Ila awe mwangalifu: shahada ya takwimu isiyo na fizikia hata kidogo humfungia mlango huo. Achukue masomo ya hiari ya mekanika, thamodinamiki na milinganyo tofautishi, na ahifadhi orodha ya masomo pamoja na yaliyomo, kwa sababu hiyo ndiyo idara ya baadaye itakayoikagua.

Sharti la pili ni lile ninalolitilia mkazo kuliko yote: asitoke chuoni na utabiri peke yake. Kompyuta zimebadilisha kazi hii. Kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, kilianza Februari 2025 kutumia rasmi modeli inayojifunza kutokana na data za miaka iliyopita, sambamba na ile ya kawaida inayokokotoa milinganyo ya fizikia. Mtu ambaye kazi yake ni kusoma ramani aliyoletewa na kuirudia kwa maneno hatakuwa na nafasi kubwa. Atakayehitajika ni anayeweza kupima modeli hiyo ilikosea wapi Kilifi na ilipatia wapi Taita, na kuwaambia watu wa bandari au wakulima wa mikorosho maana yake ni nini kwao. Kazi hiyo yataka lugha ya kompyuta ya Python, takwimu, na ramani za kompyuta. Aanze Python mwaka wa kwanza likizo ndefu. Mwaka wa pili awe anaweza kufungua faili la data ya mvua ya miaka 30, kutoa wastani wa kila mwezi na kuuchora. Ajaribu na Mombasa aone jinsi Mei inavyozidi miezi mingine.

Juu ya hapo achague ujuzi wa pili mmoja, na kwa mtoto wa pwani ningeanzia baharini. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari, ina makao yake hapa Mkomani, na mitambo ya kupimia kujaa na kupwa kwa maji ipo Liwatoni na Lamu. Mamlaka ya Bandari, Mamlaka ya Usafiri wa Baharini na Walinzi wa Pwani, wote wako Mombasa na wote hutegemea upepo na mawimbi, ingawa hawatangazi nafasi ya "mtabiri". Hutangaza ofisa wa data, wa mazingira, wa usalama. Ndipo mhitimu hukosea: hutafuta cheo chenye jina la kozi yake, asipokiona hukata tamaa. Zipo pia kampuni za tathmini ya mazingira zinazohitaji mtu wa kuchora waridi la upepo (mchoro wa upepo huvuma kutoka wapi na kwa kasi gani) na kukadiria moshi wa kiwanda utaangukia wapi. Kuna usajili wa wataalamu hao kwa NEMA, mamlaka ya mazingira. Kuna mashamba ya upepo kama la Ziwa Turkana, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, yanayohitaji utabiri wa upepo. Kuna bima ya mazao na mifugo inayolipa kwa kipimo cha mvua au malisho, Mamlaka ya Kukabiliana na Ukame, Msalaba Mwekundu, na ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD kinachohudumia nchi za Pembe ya Afrika. Kwa usafiri wa ndege, leseni ya ofisa wa operesheni za safari ni kozi tofauti, lakini aliyesoma meteorolojia huikuta sehemu yake anaijua.

Atachimenti, yaani mafunzo kazini akiwa bado chuoni, ndiyo inayotenganisha wenye njia na wasio nayo. Asingoje chuo kimtafutie. Barua ziandikwe miezi minne au mitano kabla, kwa kituo cha hali ya hewa cha Mombasa na kwa KMFRI kwa pamoja, na akipata nafasi aombe apewe swali moja la kufanyia kazi kwa data yao, si kukaa akinakili vipimo wiki nane. Kazi hiyo ndiyo atakayoitoa kwenye usaili. Akihitimu, aombe mafunzo ya kazi ya PSC, Tume ya Utumishi wa Umma, yanapotangazwa. Posho yake ni ndogo na mkataba ni wa muda, lakini humweka ndani ya jengo tangazo la ajira linapotoka.

Kwa wiki hii, mambo ni machache. Mwanao afungue ukurasa wake wa KUCCPS, aangalie alama za mchujo za meteorolojia za mwaka uliopita na azilinganishe na zake, aiweke chaguo la kwanza, na nafasi zinazofuata aziweke fizikia, takwimu au kompyuta badala ya kozi za mazingira zinazofanana kwa jina. Aitume ile barua pepe ya BIP-M. Wewe na babake kusanyeni vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote na stakabadhi za karo za wale wadogo, mviweke kwenye bahasha moja, kwa sababu dirisha la maombi ya ufadhili hufunguka kwa muda tu na hapo ndipo watu huanza kupanga foleni Huduma Centre kutafuta cheti kilichopotea.